Dawa ya Huzuni: Faida na Hatari Nilizoziona

Wanafunzi wa sasa hamnijui, na wenzangu wa zamani huenda wengi wenu mmekwisha kunisahau. Nilisoma katika shule yetu miaka minne, nilipokuwa nikikaa kwa baba mdogo Kigoma, kisha nikarudi kwetu Burundi. Sasa nakaa Kibenga, upande wa kusini wa mji wa Bujumbura, kati ya barabara ya Rumonge na Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile mnaloliona ninyi kila siku. Kazi yangu ni ukarani wa hesabu katika ghala la bidhaa.

Gazeti la shule hunifikia, nami hulisoma lote. Naona wanafunzi wa zamani huandika habari za vyeo walivyopata, safari zao za ng'ambo, na harusi zao. Mimi sina cheo kipya. Habari yangu ni ya ugonjwa niliougua, na dawa iliyonisaidia, na kosa nililolifanya kwa dawa hiyo hiyo, ambalo nusura limwue kijana wa umri wenu. Kwa muda mrefu niliona haya kuyaandika. Walakini nimefikiri kwamba kunyamaza ni aibu kubwa zaidi.

Mwaka 2021 ziwa lilipanda kupita kiasi. Maji yaliingia katika mitaa ya ufukoni, tangu Gatumba mpaka kwetu Kibenga, na viboko, ambao zamani tulikuwa tukiwasikia usiku kwa mbali, wakawa wanapita kando ya kuta za nyumba. Nyumba yangu, niliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka tisa, ilisimama majini mpaka madirishani. Tukahamia vyumba viwili vya kupanga upande wa juu wa barabara, mimi, mke wangu na watoto watatu. Wakati ule sikuugua hata kidogo. Nilibeba vitu, nilipanga foleni ya msaada, niliwafariji majirani. Watu wakasema, "Huyu ndiye mwanamume." Ugonjwa ulinijia baadaye, miezi sita ilipopita, wakati ambapo mambo yalikuwa yameanza kutulia.

Ulianza kwa usingizi. Kila siku saa tisa za usiku nilikuwa macho, nikitazama dari mpaka alfajiri. Kisha chakula kikapoteza ladha. Mke wangu aliniletea mukeke wa kuchoma, samaki ambaye tangu utotoni sikupata kumkataa, nikawa natafuna kama natafuna karatasi. Kazini nilijumlisha safu moja ya tarakimu mara nne, na kila mara jibu likawa jingine. Watoto wakicheka niliona kelele. Mwishowe nikaanza kuwaza kwamba nyumbani mimi ni mzigo, na kwamba jamaa zangu wangepumzika kama nisingekuwako. Wazo hilo halikunijia kwa vishindo. Lilikuja kwa upole, kama shauri jema. Ndiyo hatari yake.

Watu walisema mengi. Mmoja alisema nimelogwa. Mwingine alisema imani yangu imepungua. Wazee wa Kirundi wana neno akabonge, yaani hali ya mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake, asiyetaka kusema wala kutoka nje, na mama mkwe wangu alipoliita ugonjwa wangu kwa jina hilo naona alikaribia kweli kuliko wote. Kwa Kiswahili cha siku hizi madaktari husema sonona. Mke wangu hakubishana na mtu. Alinichukua kwa daktari. Wakanipima malaria, wakanipima homa ya matumbo, hakuna. Ndipo daktari akafunga mlango na kuniuliza, "Bwana, umewahi kufikiri kwamba afadhali usingekuwa hai?" Nikalia mbele yake kama mtoto. Tangu maji yaingie nyumbani sikuwa nimelia.

Daktari alinipa dawa iitwayo amitriptilini, kidonge kidogo cha kumeza usiku. Kabla ya kunipa alinieleza mambo ambayo nitayaandika hapa kama nilivyoyasikia, maana ndiyo maneno yenye thamani.

Alisema: "Dawa hii si kama dawa ya kichwa, umeze leo upone leo. Itachukua majuma mawili, pengine manne au sita, kabla hujaona nafuu. Madhara yake utayaona kesho; faida yake utaingoja. Wengi huitupa katika majuma hayo ya kwanza, wakisema daktari amewapa sumu. Wewe usiitupe. Ukiona jambo la kukutisha, rudi kwangu."

Ikawa kama alivyosema. Asubuhi ya pili kinywa changu kilikuwa kikavu kama nimelamba majivu. Nilisinzia juu ya daftari za hesabu. Nilipata shida ya choo. Nikisimama kwa ghafula, kizunguzungu kilinishika hata nikaegemea ukuta. Baadaye mwili ukanenepa, mashati yakanibana. Lakini katika juma la nne, siku ya Jumapili, nilikula ndagala kwa ugali, na katikati ya kula nikatambua kwamba nasikia ladha ya chumvi. Nilikaa kimya sikumwambia mtu. Siku chache baadaye nililala mpaka saa kumi na moja. Katika mwezi wa pili hesabu zikaanza kunikubali. Sikuwa mtu mwenye furaha. Nilikuwa mtu wa kawaida, na kwa mgonjwa wa sonona hiyo ni neema kubwa.

Kwa kuwa kazi yangu ni tarakimu, nilianza kutafuta habari za dawa hizi katika vitabu na katika mtandao. Nilistaajabu kuona kwamba mlango wake ulifunguliwa kwa bahati. Mwaka 1952 madaktari wa hospitali moja ya kifua kikuu huko New York walikuwa wakijaribu dawa mpya, iproniazidi. Waliwaona baadhi ya wagonjwa wamechangamka kuliko ilivyotazamiwa, ingawa mapafu yao yalikuwa bado mabovu. Miaka michache baadaye, huko Uswisi, daktari Roland Kuhn aliwapa wagonjwa wake dawa nyingine, imipramini, naye mwaka 1957 akatangaza kwamba huwaondolea huzuni. Amitriptilini niliyomeza mimi ni ndugu wa imipramini. Baadaye ikaja fluoksetini, iliyopewa kibali Marekani mwaka 1987. Hizi mbili, amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Je, zinasaidia kweli? Mwaka 2018 wataalamu wakiongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa hesabu ya majaribio 522 yaliyohusu watu wazima 116,477. Dawa 21 zilipimwa, na zote zilishinda vidonge vya bandia visivyo na dawa ndani. Walakini hazikushinda kwa mbali sana. Wako waliopona kwa kidonge cha bandia, na wako ambao dawa haikuwafaa. Kwa hiyo anayesema dawa hizi ni ulaghai anakosea, na anayesema ni muujiza anakosea vile vile.

Sasa naja kwenye makosa yangu, nayo ni mawili.

La kwanza nilijikosea mwenyewe. Vidonge vyangu nilivificha katika kopo la majani ya chai juu ya kabati, kwa kuwa sikutaka wageni wavione. Kwetu, mtu akijulikana kwamba anatumia dawa ya akili, huitwa mwenda wazimu, hata ikiwa anafika kazini kila siku. Basi katika mwezi wa tano, nilipojiona mzima, nilisema moyoni, "Nimepona, ya nini tena?" Nikaacha siku moja, kabisa, bila kumwuliza mtu.

Usiku ule na uliofuata sikulala. Nilitokwa jasho hata shuka zikalowa. Tumbo likachafuka, kichwa kikauma, na nilipopata usingizi kidogo niliota ndoto za kutisha zenye maji na viboko. Nikadhani ni malaria. Baada ya siku kumi hali ile ikapungua, nikajisifu kwamba nimeshinda. Kabla ya miezi miwili kuisha, saa tisa za usiku zilinirudia, nami nikawa macho tena.

Nilimrudia daktari kwa haya. Akaniambia mambo mawili nisiyoyajua. Moja, kwamba mwili uliozoea dawa hii hautaki kunyang'anywa kwa ghafula. Si kwamba mtu huitamani kama mlevi anavyotamani pombe. Ni kwamba mwili umejipanga juu ya dawa, nao unahitaji muda wa kujipanga upya. Hupunguzwa polepole kwa majuma kadhaa, pengine kwa miezi. La pili, kwamba mtu akijisikia vizuri ndio kwanza safari imefika katikati. Shauri la Shirika la Afya Duniani wakati ule lilikuwa kwamba dawa iendelee miezi tisa mpaka kumi na miwili baada ya mgonjwa kupata nafuu, ndipo ipunguzwe. Aliyejisikia mzima katika mwezi wa tano akaacha, kama mimi, amevua koti la mvua kwa sababu halowi.

Safari hii alinipa fluoksetini, kapsuli moja kila asubuhi. Kinywa hakikukauka, wala sikusinzia. Badala yake juma la kwanza nilisikia kichefuchefu, na mikono ikatetemeka kidogo. Tena kuna madhara mengine ambayo watu wazima huona haya kuyataja: hamu ya mke na mume hupungua. Nayataja kwa sababu najua wanaume wanaotupa dawa kwa ajili hiyo tu, wala hawamwambii daktari, ambaye angeweza kuwapunguzia kipimo au kuwabadilishia dawa. Nafuu ilikuja katika juma la tano.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2023 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayekaa Rumonge, alikuja kukaa nasi Kibenga apate kusoma mjini. Alikuwa na miaka 17, kijana mpole, mrefu, mwenye kupenda hesabu kama mimi. Katika muhula wa pili akabadilika. Alama zake zikaanguka. Akirudi shuleni alijifungia chumbani. Sahani yake ilirudi jikoni na chakula. Nikamtazama, nikajiona mimi mwenyewe wa mwaka uliopita.

Ningempeleka kwa daktari. Hakukuwa na kizuizi chochote. Nauli ninayo, njia naijua. Lakini nilifikiri, "Mtoto huyu ana miaka 17. Wenzake wakisikia amepelekwa kwa daktari wa akili watamcheka mpaka amalize shule." Tena nilijiona mjuzi. Nilikuwa nimesoma vitabu, nilikuwa nimepona. Nikachukua kopo langu la majani ya chai, nikampa kapsuli zangu, nikamwambia, "Meza moja kila asubuhi. Zilinisaidia mimi, zitakusaidia na wewe. Usimwambie mtu." Akasema, "Ahsante, mjomba." Alinipokelea kwa mikono miwili.

Siku nne hakuna kitu. Siku ya tano nilimwona hawezi kukaa. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Usiku nilisikia nyayo zake uani, akienda na kurudi mpaka jogoo wakawika. Siku ya saba hakulala kabisa. Alisema kwa haraka, macho yamemtoka, mikono haitulii. Nilimwambia, "Ngoja, dawa huanza na madhara." Nilikuwa narudia maneno ya daktari kwa mtu ambaye daktari hajamwona! Usiku wa siku ya tisa mke wangu aliniamsha. Kijana alikuwa ameketi mlangoni gizani. Nikamwuliza, "Una nini, baba?" Akasema, "Mjomba, kichwa changu kinakimbia. Nataka kufa nipate kupumzika."

Nilijua hakuwa akisema kwa mzaha. Mke wangu alimshika mkono, hakumwachilia. Mimi nilitafuta gari. Tulimpeleka Kamenge, upande wa kaskazini wa mji, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na mabruda wa Frères de la Charité. Nilikuwa nikiiogopa hospitali ile maisha yangu yote. Wakati wa utoto wetu jina la mahali pale lilitosha kuwa tusi. Usiku ule taa yake ya langoni ilinipendeza kuliko taa zote za Bujumbura.

Muuguzi aliandika jina, umri, hali. Kisha akauliza, "Dawa hii amepewa na nani?" Katika maswali yote niliyoulizwa maishani, hilo lilikuwa zito kuliko mtihani wowote. Nikajibu, "Mimi." Akaandika, hakunitazama.

Kesho yake daktari alinieleza, wala hakunigombeza, jambo lililoniumiza zaidi. Alisema vijana si watu wazima wafupi. Kwa baadhi yao dawa hizi, hasa katika majuma ya kwanza au kipimo kinapobadilishwa, huleta wasiwasi mkali, kukosa usingizi, na mawazo ya kujiua. Si wengi, lakini wapo. Nilipokuja kutafuta tarakimu nilizikuta. Mwaka 2004 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilipitia majaribio ya watoto na vijana zaidi ya 4,000. Katika kila vijana 100 waliomeza dawa, kama 4 walipatwa na mawazo au matendo ya kujiua; katika 100 waliomeza vidonge vya bandia, kama 2. Katika majaribio hayo hakuna hata mmoja aliyekufa. Walakini serikali hiyo iliagiza onyo liandikwe ndani ya mistari myeusi kwenye maelezo ya dawa zote za namna hiyo, na mwaka 2007 onyo likafikishwa mpaka vijana wa miaka 24. Kwa watu wazima waliopita umri huo hatari hiyo haikuonekana kuongezeka.

Nilimwuliza, "Kwa hiyo kijana asipewe kamwe?" Akasema, "La. Wako vijana ambao dawa hii imewaokoa, na sonona isiyotibiwa nayo huua. Lakini kwa kijana tunaanza na mazungumzo. Tukiona lazima, tunampa kwa kipimo kidogo, na katika majuma ya kwanza tunamwona mara kwa mara, na nyumbani kuna mtu anayemwangalia. Wewe ulimpa kapsuli, ukampa na siri. Siri ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilimnyima mtu wa kumwambia."

Tena aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu anayekuwa na vipindi vya furaha kupita kiasi, asiyelala, anayetumia fedha ovyo, kisha akaanguka katika huzuni. Maana mtu mwenye ugonjwa wa namna hiyo akipewa dawa ya huzuni peke yake, yaweza kumrusha kutoka shimoni mpaka juu ya paa. Mimi sikujua hata kwamba swali hilo huulizwa. Na aliuliza kama kijana alikuwa akimeza kitu kingine, kwa mfano tramadoli, ambayo vijana wengine wa mjini huimeza kama peremende. Dawa hiyo ya maumivu ikikutana mwilini na fluoksetini, mtu aweza kupatwa na homa, kutetemeka na kupoteza fahamu. Mpwa wangu hakuwa ameimeza. Nilimshukuru Mungu kwa jambo ambalo mimi sikulikinga.

Kijana alikaa Kamenge majuma mawili. Kapsuli zilisimamishwa, na siku chache baadaye miguu ikatulia, usingizi ukarudi. Lakini ile huzuni ya kwanza ilikuwa bado ipo. Ndipo walipokaa naye wakamsikiliza. Na baada ya mazungumzo matatu au manne ikatoka habari ambayo mimi, niliyelala nyumba moja naye, sikuijua. Bibi yake aliyemlea alifariki Rumonge wakati wa mitihani. Watu wazima, nikiwamo mimi, tulikubaliana tusimwambie mpaka mitihani iishe, asije akashindwa. Aliambiwa baada ya mazishi. Hakulalamika. Alisema tu, "Sawa." Tangu siku ile hakutuamini tena, wala hakupata mahali pa kulilia.

Ugonjwa wake ulitaka sikio, nami nilimpa kapsuli.

Walimpa nafasi ya kwenda Rumonge na mama yake, akae kaburini kwa bibi, aseme aliyotaka kusema. Akaendelea kumwona mshauri kila juma kwa muda wa miezi minne. Dawa nyingine hakupewa. Mambo haya ya kuzungumza yasidhaniwe kuwa ni maneno matupu. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai kusini mwa Uganda, watu wazima wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wakakutana kila juma kwa majuma 16 wakisemezana juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao, wakiongozwa na watu wa kule kule waliofundishwa kazi hiyo. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Dawa haikutumika.

Dada yangu alipofika Bujumbura nilimweleza yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, ulitaka kumsaidia. Lakini mtoto alikuwa wangu, mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Basi, wanafunzi, nawaombeni mchukue machache kutoka kwa mtu aliyejifunza kwa gharama.

Kwanza, huzuni ya siku mbili tatu ni mvua, itapita. Lakini huzuni ikizidi majuma mawili, ikakunyima usingizi, chakula, masomo na michezo uliyoipenda, huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mwalimu, mzazi, muuguzi. Wa kwanza asipokusikiliza, mwendee wa pili. Na wazo la kujiua likikujia, usilale nalo. Sema usiku ule ule.

Pili, usimeze dawa ya mwenzako, wala usimpe mwenzako yako, hata kama maradhi yenu yanafanana kama mapacha. Wako watakaokuambia kwamba kidonge fulani huleta ujasiri wakati wa mtihani. Hakileti.

Tatu, ukipewa dawa na daktari, ingoje. Mweleze kila unachokiona, hata cha aibu. Usichanganye na pombe, wala na dawa nyingine bila kumwambia. Usiiache kwa ghafula; iache kama mtu anavyoshuka ngazi, kipago baada ya kipago, na daktari akujue uko kipago gani.

Nne, dawa hizi ziwekwe mikononi mwa mtu mzima, mahali pa kufungwa. Amitriptilini ikizidi kipimo huumiza moyo mpaka kuusimamisha. Kopo la majani ya chai si mahali pake.

Tano, na hili ni lenu ninyi mnaokaa bweni moja: msimcheke. Siri yangu, na siri niliyompa mpwa wangu, zilitokana na kuogopa kuchekwa. Mkimwona mwenzenu amenyamaza, amejitenga, kaeni karibu naye. Si lazima mjue la kusema.

Mimi niliendelea na fluoksetini mwaka mzima baada ya kupata nafuu, kisha tukaipunguza na daktari kwa miezi mitatu. Nimeiacha mwaka 2024. Mwaka huo huo ziwa lilipanda tena, maji yakarudi uani kwangu. Nililala vibaya siku chache, nikamwambia mke wangu, nikamwambia daktari, hali ikapita. Nikihitaji dawa tena nitaimeza bila kuificha. Kopo la chai sasa lina majani ya chai tu.

Mpwa wangu alirudia mwaka wa masomo, akafaulu, na sasa anasoma uhandisi. Nisingethubutu kutuma makala haya bila idhini yake, basi nilimpa ayasome. Aliyasoma akiwa amesimama, akachukua kalamu, akafuta mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimeandika, "amepona." Yeye akaandika juu yake, "anaendelea vizuri." Nimeliacha kama alivyolisahihisha.

Nawasalimu nyote, wanafunzi, walimu, na wenzangu wa zamani popote mlipo. Anayepita Bujumbura aulizie Kibenga, upande wa juu wa barabara. Atakaribishwa mukeke.